Uvuvi wa barafu mwishoni mwa msimu: tupeane uzoefu, hasa mnaokwenda na marafiki

Mtaimbo

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaovua juu ya ziwa lililoganda, na hasa zile wiki za mwisho: theluji imeshayeyuka juu ya barafu, jua linachoma uso, na kila mtu anajiuliza kama wiki ijayo bado patakuwa na pa kukanyaga. Kwangu hicho ndicho kipindi kitamu kuliko vyote. Samaki wanakula, mikono haifi ganzi, mnakaa nje ya hema mnapiga soga mchana kutwa. Lakini ndicho pia kipindi ambacho barafu inadanganya watu. Maelekezo mengi ninayoyasoma yanahusu barafu mpya ya mwanzo wa baridi. Haya ya mwishoni watu wanapeana kwa mdomo tu. Kwa hiyo naomba tusimuliane yaliyotukuta: mlivua nini, mlijuaje kwamba siku hiyo panakanyagika, na nani alisema turudi.

Naanza mimi. Tuko kundi la marafiki wa siku nyingi, na kutembea kwetu ni kwa kufuatana, mmoja nyuma ya mwingine, kwa nafasi kubwa. Aliye mbele ana mtaimbo na anapiga barafu kila baada ya hatua chache. Katikati ya baridi mtaimbo unaruka na sauti inatoka kavu. Mwishoni mwa msimu sauti inakuwa nzito, ncha inazama, na maji yanachungulia kwenye alama.

Siku moja tulitoboa kwa keekee tukapima, tukapata zaidi ya sentimita 40. Ukiangalia namba peke yake, hapo hata gari linapita. Mwenzetu mmoja akaokota kipande kilichong'oka pembeni ya tundu, akakigonga kwenye buti lake. Kikasambaratika chote kuwa vijiti virefu, unene wa kidole, vinang'aa, vimelala kiganjani mwake kila kimoja peke yake. Jua linapopenya kwenye barafu linaanza kuyeyusha maungio kati ya fuwele na fuwele, na fuwele hizo zimesimama wima toka juu hadi chini. Unene unabaki uleule, kumbe hakuna tena kinachozishikanisha. Tulifungasha palepale na hakuna aliyebisha.

Kamba Ndefu

Mkuu, umegusa penyewe. Mimi nasimulia la rafiki yangu kuzama, kwa ruhusa yake.

Asubuhi tulipita bila wasiwasi, usiku ulikuwa wa baridi kali na juu pameganda vizuri. Mchana jua likawa kali. Saa nane tukirudi, yeye akiwa wa mwisho kwenye mstari, akatumbukia mpaka kifuani, karibu kabisa na matete. Mahali palepale tulipopita asubuhi.

Kitu ambacho sitasahau ni kwamba hakupiga kelele. Alikuwa anavuta pumzi kwa kukatakata, macho yamemtoka, neno halitoki. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba kule Kanada, amefundisha watu kanuni ya 1-10-1, na siku ile niliiona kwa macho: dakika 1 ya kuituliza pumzi, takriban dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na karibu saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Watu wanadhani ukizama umekwisha hapohapo, wanatapatapa, wanameza maji. Basi mimi nilichomwambia ni kimoja tu, nikakirudia: pumua kwanza, pumua kwanza. Jaketi la kuokolea alikuwa nalo, kwa hiyo kichwa kilikuwa juu.

Pumzi ilipotulia akageukia upande alikotoka, maana barafu iliyombeba muda mfupi nyuma ndiyo yenye uwezekano wa kumbeba tena. Shingoni alikuwa na vile vishikio viwili vyenye misumari. Akaichoma kwenye barafu, akapiga miguu nyuma mpaka mwili ukalala juu ya maji, akajivuta kwa tumbo. Ukingo ulimkatikia mara kadhaa, akaendelea. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi mbali kidogo, nikamrushia kamba. Alipotoka tulimkatalia kusimama. Alibingirika mpaka penye ugumu.

Nguo zote za maji tukamvua, tukamvisha za akiba tulizokuwa nazo kwenye mfuko usiopitisha maji. Hatukumsugua mikono wala miguu, mwili uliopoa namna ile unashughulikiwa taratibu. Bado tunavua naye hadi leo.

Binti Ziwani

Pole yake, na hongereni kwa utulivu. Pembeni ndipo penye shida kweli. Maji ni haba, udongo wa chini ni mweusi unanyonya joto la jua, matete nayo vilevile, basi barafu inaachia ufukwe kabla ya kuachia katikati. Sisi huwa tunabeba ubao mrefu wa kuvukia ule ukanda.

Mzee wa Keekee

Binti Ziwani, mwanangu, kwa heshima zote, huo ubao uacheni nyumbani. Ukihitaji daraja kufika kwenye barafu, ziwa limeshakujibu.

Tarehe 7 Februari 2009, Ziwa Erie upande wa Ohio kule Marekani, wavuvi walikuta ufa kwenye barafu, wakaweka mbao wakavuka, wakaenda kuvua upande wa pili. Joto lilikuwa limepanda na upepo ukavuma kuelekea ziwani. Ufa ukapanuka, mbao hazikufaa kitu tena, na watu zaidi ya 100 wakajikuta juu ya kipande kinachoelea kwenda mbali na nchi kavu. Ikabidi helikopta na boti ziwafuate. Mtu mmoja alifariki. Barafu waliyokuwa wamesimama juu yake ilikuwa nene, kwa hiyo kupima unene kusingewasaidia. Kwenye maziwa makubwa angalia upepo unatoka wapi kabla hujaangalia kitu kingine chochote.

Na hizi namba tunazopeana: Idara ya Maliasili ya jimbo la Minnesota, Marekani, inasema sentimita 10 zinatosha mtu kutembea, lakini hiyo ni barafu mpya, ngumu, inayopitisha mwanga. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji wanashauri uzidishe unene mara mbili. Hii ya mwisho wa msimu, ya kijivu, iliyolowa, mimi siihesabu kwa sentimita kabisa. Naangalia usiku uliopita. Kama usiku kucha joto halikushuka chini ya sifuri, siendi, hata kama jana yake niliacha samaki wanagombania chambo.

Binti Ziwani

Nimekuelewa mzee wangu, na nitawafikishia wenzangu hilo la Ziwa Erie. Ubao nauacha.

Shoga wa Ndoana

Jamani, tusisahau na samaki! Mimi na mashoga zangu tunangoja kipindi hiki mwaka mzima.

Wakati wa baridi theluji inafunika ziwa, mwanga haupenyi, mimea ya chini haitengenezi oksijeni, na samaki wanapoa kabisa, hawataki kuhangaika. Theluji ikishayeyuka mwanga unarudi, na maji yenye hewa yanaanza kuteremka kupitia matundu, nyufa na vijito. Hapo samaki aina ya pechi wanaanza kusogea kuelekea kwenye ghuba za maji haba, kwa sababu wakati wao wa kutaga umekaribia. Paiki, samaki wengine wa ziwani, nao wako palepale, wao hutaga mapema tu barafu ikiondoka. Kwa hiyo badala ya kukaa kwenye kina kirefu tulikozoea, tunawafuata huko. Ila mdomo wa kijito wenyewe tunaukaa mbali, barafu ya pale inaliwa na mkondo kwa chini bila wewe kuona.

Raha yangu kubwa ni hii. Kwenye maji ya mita mbili hivi nalala kifudifudi, najifunika koti kichwani nizuie mwanga, nachungulia tunduni. Unaona mpaka chini, mchanga na majani yaliyolala. Ndoana ndogo, chambo kidogo, nakichezesha polepole. Pechi anakuja, mistari ubavuni inaonekana vizuri, anasimama mbele ya chambo, mapezi yanapepea. Anakivuta mdomoni halafu anakitema, upesi kiasi kwamba ukiwa umekaa juu na fimbo yako mshipi hautikisiki hata chembe. Tangu nilipoona vile nilielewa kwa nini watu wanalalamika hakuna samaki wakati wako tele. Siku hizi shoga mmoja anachungulia, mwingine ameshika fimbo, na anayechungulia anasema "sasa!"

Majike wengi wanakuwa na tumbo lililojaa mayai. Sisi tulikubaliana kuwarudisha. Na angalieni sheria za mahali mlipo, maana uvuvi wa baadhi ya samaki hufungwa kabla barafu haijaisha. Minnesota kwa mfano, kwenye maziwa mengi ya ndani, msimu wa samaki aitwaye walleye hufungwa mwishoni mwa Februari wakati pechi bado wanaruhusiwa.

Mtaimbo

Shoga wa Ndoana, hilo la kuchungulia wawili wawili nalichukua. Na swali langu la nani anasema turudi bado liko mezani.

Nyayo

Kwetu mtu yeyote akisema turudi, tunarudi, na haulizwi sababu. Tulikubaliana hivyo kabla ya kukanyaga barafu, kwa sababu mkishaanza kuvua, kila mmoja anamwangalia mwenzake na hakuna anayetaka kuwakatishia wengine.

Msimu mmoja tulimkaribisha rafiki mgeni kabisa wa jambo hili. Samaki walikuwa wamekolea kwelikweli. Katikati ya mchana akasema kwa sauti ya chini kwamba maji yaliyotuama juu ya barafu yalikuwa yanaishia mahali fulani, yanateremka, na matundu yetu ya asubuhi yamekuwa mapana. Sisi wenyeji tulikuwa hatujainua macho kutoka kwenye mishipi yetu. Tukafungasha. Ziwa lilikaa na barafu siku kadhaa baadaye, na hakuna aliyemlaumu hata mara moja. Msimu uliofuata yeye ndiye aliyetangulia na mtaimbo.

Mtaimbo

Asante sana Nyayo. Kamba Ndefu, nisaidie moja: hiyo kamba mnaibeba wapi na ni ya namna gani? Yetu huwa inakaa kwenye sleji, kile kigari cha kuburuta juu ya barafu, pamoja na keekee.

Kamba Ndefu

Itoe kwenye sleji mkuu. Sleji inaweza kuzama na mtu wake, au ikabaki upande usiofikika. Chagua kamba ya aina inayoelea, mita 15 au zaidi, ikunjwe kwenye kifuko kinachofunguka kwa mkono mmoja. Mwisho wake funga kitanzi kikubwa cha kupitisha mkono na bega, kwa sababu baada ya dakika chache majini vidole havifumbi tena na kamba tupu inateleza. Na kila mmoja awe na yake mwilini, maana hamjui nani atazama.