Kuachiliwa kwa kukosa cheti: haki au mwanya wa mwizi?

Mwenye mada: Tuseme mfanyakazi hapa Kenya alikabidhiwa kadi ya kampuni anunulie magari mafuta, akajinunulia friji. Hakimu akamtia hatiani kwa kumwibia mwajiri, kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu hadi miaka 7. Sasa amekata rufaa Mahakama Kuu akisema stetimenti ya benki na video ya duka zilipokelewa bila cheti cha kuthibitisha rekodi za kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Nasema huo ni mwanya. Pesa zilitoka, kadi alikuwa nayo yeye.

Mkaguzi: "Alikuwa nayo yeye" ndilo jambo la kuthibitishwa, ndugu. Stetimenti inaonyesha tarehe, kiasi na jina la duka. Aliyebonyeza namba ya siri haimtaji. Kadi moja ya ofisi huzungushwa na watu watatu au wanne, namba ya siri imebandikwa ndani ya droo. Kama hakuna daftari la kukabidhiana lenye saini, umebaki na kushuku. Na kama mwajiri alikuwa na desturi ya kuruhusu matumizi binafsi kisha kukata mshahara, kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga aliyeamini kwa dhati kuwa ana haki.

Wakili: Cheti chenyewe ni karatasi tu: rekodi ni ipi, ilitolewaje, kwa kifaa gani, na saini ya anayesimamia mfumo huo. Huharibika pale mpelelezi anaposaini yeye, ilhali alipewa flashi tu na mashine iliyorekodi hajawahi kuigusa. Stetimenti nayo ina njia yake, vifungu vya 176 na 177: ofisa wa benki athibitishe, kwa mdomo au kwa kiapo, kuwa kitabu cha hesabu ilikotoka ni cha kawaida cha benki na nakala imelinganishwa na asili. Mhasibu wa kampuni hawezi kuyasema hayo.

Ila mrufani asijidanganye. Kama upande wake ulinyamaza kielelezo kikipokelewa, jaji atauliza kwa nini. Na tangu kesi ya Okeno, 1972, rufaa ya kwanza hupima ushahidi wote upya. Ondoa stetimenti na video. Akibaki keshia aliyemtambua na friji iliyokutwa sebuleni kwake, hatia inaweza kusimama.

Mwenye mada: Basi kesi isikizwe upya, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ilete cheti.

Wakili: Kesi ya Fatehali Manji, 1966: kesi hairudiwi ili mashtaka yazibe mapengo yake.

Karani: Mnabishania cheti, na rufaa zinakwama mlangoni. Kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinatoa siku 14 tu. Usingoje mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, uchapwe: wasilisha hati ya rufaa na sababu ulizonazo, siku hiyo hiyo andika barua ya kuomba nakala. Barua hiyo tunza yenye muhuri, maana ukichelewa kwa kukosa nakala ulizoomba, mahakama yapaswa kukupokea. Aliye ndani humpa hati mkuu wa gereza. Aliyekiri kosa asipoteze muda na cheti. Kifungu cha 348 kinamwachia kupinga adhabu tu. Na dhamana ya kungoja rufaa iombwe mapema, kwani kifungo cha miezi minane chaweza kuisha jaji hajaifungua faili.

Mwenye mada: Na mwajiri aliyeibiwa?

Mkaguzi: Afungue madai. Huko kipimo ni chepesi kuliko cha jinai, ila daftari la kukabidhiana kadi ataulizwa vilevile.