Upepo wa Turkana ulikwama wapi?

Swali: Wadau, mitambo yote 365 ya umeme wa upepo kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, Kenya, ilikuwa imesimikwa 2017, ila umeme uliingia gridi ya taifa Septemba 2018. Laini ya umeme ya kwenda kituo cha Suswa ilikuwa na ugumu gani?

Mpima njia: Ndugu, ni zaidi ya kilomita 400. Kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi ilifilisika, Wachina wakamalizia. Halafu kuna ardhi! Mnara mmoja ukikosa pa kusimama, laini nzima haipitishi kitu. Mimi hupima njia za laini hizi, na nasema mwenye shamba alipwe kabla shimo halijachimbwa. Ni haki yake.

Swali: Na malisho ya jamii, yasiyo na hati, alipwe nani?

Mpima njia: Hapo ndipo pagumu kuliko zege. Kaeni na wazee kabla ramani haijachorwa.