Tupeane uzoefu: Ni lini uliacha kujipima kwa kazi, ndoa au mali, ukapumzika katika Kristo?

Mkazi wa Tabata: Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Jana jumuiyani tulisoma Isaya 43:1, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu," na binti mmoja aliyemaliza chuo akakosa ajira akaangua kilio, akisema kwamba kila anapoulizwa anafanya nini hujiona si mtu. Naomba mnisaidie kwa yaliyowakuta wenyewe.

Mama wa Mbagala: Mimi ni baada ya kuachika. Nilizoea kuitwa mke wa fulani, na nilipoondoka kwake nikawa sijui nijitambulishe vipi. Akina mama wa jumuiya walikuja na unga na maharage, wakaniita kwa jina langu la ubatizo ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka mingi.

Baba wa Kimara: Umenikumbusha mwaka 2019. Baada ya miaka 11 ya uhasibu nilipunguzwa kazini, na kitambulisho changu kikachukuliwa mlangoni siku hiyohiyo. Sikumwambia mke wangu. Kwa majuma sita niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikavaa shati na tai, nikapanda mwendokasi hadi Kivukoni, kisha nikashinda pale Azania Front, lile kanisa la vigae vyekundu ambalo wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga 1898, mpaka watu wa maofisini walipotoka nami nikarudi pamoja nao. Asubuhi moja mzee aliyekuwa akifagia uani akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe ni nani?" Nikapeleka mkono kifuani kutafuta kitambulisho. Hakikuwepo. Nilisimama hivyo, jasho likinitoka, nikashindwa hata kutaja jina langu. Mzee akauliza kama nimebatizwa. Nikaitikia. Akasema, "Basi unajulikana," akaendelea kufagia. Jioni ile nilimweleza mke wangu yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba kilichomuumiza ni zile jioni nilizomsimulia habari za ofisi ambayo haikuwa yangu tena.

Dada wa Ukonga: Nimelia. Je, shemeji alikusamehe?

Mwombaji wa Temeke: Ungefunga siku saba, kazi ingerudi.

Baba wa Kimara: Nilifunga, mpendwa, na haikurudi. Dada, alinisamehe, ingawa ilichukua muda. Sasa tunauza madaftari na sare za shule pamoja.

Mlutheri wa Magomeni: Yule mzee alinena vema. Martin Luther, katika Katekisimu Kubwa ya 1529, anatufundisha kwamba dhamiri inapotushtaki tuijibu, "Lakini nimebatizwa."

Mwombaji wa Temeke: Ubatizo wa uchangani hauokoi mtu. Aidha, anayetaka kujua yeye ni nani katika Kristo aanze kwa kuacha jina la ukoo lililotokana na mizimu.

Mama wa Mbagala: Hapo sikubaliani nawe. Jina la ukoo nimerithi kwa bibi yangu, mwanamke aliyenifundisha Baba Yetu, na sitaliacha. Paulo mwenyewe katika Warumi 11:1 anajitaja kuwa wa kabila la Benyamini, tena akiwa mtume.

Mwombaji wa Temeke: Benyamini hakuwa na mizimu.

Mkazi wa Tabata: Ndugu zangu, tafadhali, binti anakuja kwangu Jumamosi. Nimwambie nini?

Dada wa Ukonga: Apumzike mwezi mzima asitume barua yoyote ya kazi, asome Zaburi ya 139 polepole.

Mlutheri wa Magomeni: Asiache kutuma hata juma moja. Kumtumaini Mungu hakumzuii mtu kutafuta riziki.

Mama wa Mbagala: Muulizeni kwanza kama amekula.

Baba wa Kimara: Msimwache peke yake kati ya saa mbili na saa sita asubuhi, wakati wenzake wote wamekwenda makazini. Saa hizo ndizo zilizonishinda mimi. Kama inafaa, nitazungumza na mke wangu, binti aje akae nasi dukani.