Tupeane uzoefu: Dada mnene anayetaka mimba, aanzie wapi?

Wakunga, wauguzi, wauza dawa wa Mwanza, karibuni. Mdada wa Nyegezi, kilo 82, urefu mita 1.60, anataka kutoa kijiti cha uzazi wa mpango mwezi wa tatu. Visa vya shangazi wekeni pembeni, leteni dozi na vipimo.

Mkunga wa Igoma: Hesabu kwanza. 1.60 mara 1.60 ni 2.56, 82 gawanya kwa 2.56 unapata 32, ndio BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Kuanzia 30 ni unene uliopitiliza, na hapo dozi ya vitamini ya foliki asidi ina mjadala: mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza (RCOG) wa 2018 ulitaka miligramu 5 kwa siku badala ya 0.4, lakini wa NICE, taasisi ya miongozo ya afya ya hukohuko, wa 2025 unasema unene peke yake hauhitaji zaidi ya 0.4. Daktari aamue dozi, ila aanze angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, mama akiwa ndio kwanza anashangaa siku zake kuchelewa. Usipojifunga ndio mgongo wazi. Na kijiti kikitoka, mimba yaweza kuingia mwezi huohuo.

Dirisha la Dawa: Watu huharibu kwenye hiyo 5. FEFO, kidonge cha kuongeza damu cha kliniki, ina foliki 0.4 tu, pamoja na chuma miligramu 60. Ukimeza 12 kufidia, chuma kinafika 720. Tumbo litakukata na kutapika juu. Daktari akiona unahitaji 5, akuandikie foliki peke yake, ya miligramu 5, na boksi ulisome mwenyewe. Majani ya kupunguza kitambi acha kabisa, hakuna anayejua ndani mna nini.

Chumba Namba 3: Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, presha husoma juu kuliko ilivyo. Dai mkanda mkubwa, na ukae dakika 5 kwanza. Anayemeza dawa za presha kama captopril, enalapril au losartan asikatize mwenyewe, abadilishiwe kabla kijiti hakijatoka. Hizo humdhuru mtoto. Sukari apime asubuhi kabla ya kula: 7.0 mmol/L au zaidi, ikijirudia siku nyingine, ni kisukari, na kitulizwe kwanza.

Sato Mchemsho: Kilo 4 hadi 8 zikipungua tayari ni msaada, hata kwa hedhi inayorukaruka. Mimi ningeanza na mafuta: kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 hivi, na sangara wa kukaanga hanywi kijiko kimoja. Sato achemshwe na nyanya na ndimu, mchicha ujae nusu ya sahani. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa chai ya sukari saa kumi, halafu mlima wa ugali usiku? Achague kimoja.

Mkunga wa Igoma: Nimesahau ugonjwa wa selimundu (sickle cell), huku kwetu upo sana. Mwenye nao ni foliki 5, ila chuma asipewe mpaka damu ipimwe.

Mgeni: Na kama mimba imeshaingia?

Dirisha la Dawa: Akaandikiwe foliki leo, aanze leo. Asingoje siku ya kufungua kadi ya kliniki.