Sare au nishani za maofisa wa zamani: kipi cha kuanza nacho hapa Tanga?

Chumbageni76

Wakuu, salaam. Naomba ulinganisho wa wanaojua kweli. Nina kabati moja la chuma, chumba kinachotazama bahari, na bajeti ya kitu kimoja au viwili kwa mwaka. Mada ni maofisa wa vyeo vya juu waliopita Afrika Mashariki, kuanzia vita vya Tanga vya Novemba 1914 hadi mwisho wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza). Machaguo:

1. Koti kamili la sare, la Mwingereza au la Mjerumani
2. Nishani zenye jina la mtu
3. Vidogo vidogo: vifungo, beji za kofia, nyota na taji za begani

Kipi kinadumu, kipi kimejaa bandia, na kipi kinafilisi?

Mizani_ya_Sonara

Namba 2, bila kuzunguka mbuyu. Nishani ya Vita ya Uingereza (ile ya fedha, 1914–20) na Nishani ya Ushindi zimepigwa jina kwenye ukingo. Nyota ya 1914-15, nishani nyingine ya vita hivyo, imepigwa jina mgongoni. Ukishapata jina na cheo, unamfuatilia mtu wako kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, mtandaoni bila kulipa, na kadi za nishani ziko National Archives ya London, fungu la WO 372. Askari wengi wa Kihindi hawamo kwenye kadi zile, ila maofisa Waingereza unaowataka wewe wengi wamo.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kalipa. Hizo mbili za duara zina kipenyo cha mm 36. Pima mahali pane, si pamoja. Ikikupa 35.6 hivi, au upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine, basi ukingo umepigwa tupa: jina la kuruta limefutwa na la kanali limewekwa. Kisha ishike chini ya taa na uizungushe taratibu. Ukingo mzima mwanga unateleza sawasawa. Uliofutwa una bonde dogo pale penye herufi. Ile ya fedha ina uzito wa kama wakia moja, gramu 31 na ushei, kwa hiyo mizani ya sonara yeyote mjini inatosha. Kile kishikio chake kilichonyooka hakizunguki. Kikizunguka, kimeshawahi kung'oka kikaungwa.

Mitego miwili inayowapata hata wazoefu:

Kwanza, kuna Nyota ya 1914 na kuna Nyota ya 1914-15, zinafanana kama mapacha. Ya 1914 ni ya waliokuwa Ufaransa na Ubelgiji kati ya 5 Agosti na 22 Novemba 1914. Aliyeshuka Raskazone, hapa Tanga, na Aitken, jenerali wa Waingereza, anastahili ya 1914-15. Ukiuziwa "seti ya Tanga" yenye Nyota ya 1914, ama muuzaji hajui ama anakujua wewe.

Pili, vyeo kutolingana si kosa. Nyota inabeba cheo alichoingia nacho vitani, zile mbili zinabeba cha juu alichofikia. Kapteni kwenye Nyota, luteni kanali kwenye ya fedha: safi kabisa. Na ofisa, kwenye zile mbili za duara, kwa kawaida ana cheo na jina tu bila kikosi, kwa hiyo usiogope ukikosa jina la batalioni. Ogopa likiwepo namba ya askari mbele ya jina la kanali.

Na onyo: nyota za Vita vya Pili (Afrika, Burma) walizopewa KAR zilitoka bila jina. Nakala zake ni nyingi na hazina cha kufuatilia. Mwanzoni ziache.

Mshono_Ngamiani

Kaka Mizani, yote sawa, lakini mwenye uzi kasema *vyeo vya juu*. Nishani ya meja jenerali na ya koplo, ukiziweka mezani, ni zile zile. Cheo kinaonekana kwenye nguo. Ila nguo ina masharti yake, na bandia zake zinakamatika kama una macho ya fundi.

Anza na chapa. Koti la askari wa Kiingereza lina muhuri wa kishale cha serikali ndani. Ofisa alishonesha kwa fedha yake, kwa hiyo ndani ya mfuko wa kifuani unatafuta kitambulisho cha fundi cherehani wake, mara nyingi kikiwa na jina la mteja na tarehe kwa wino. Koti la kanali lenye muhuri wa kishale ni koti la askari lililopandishwa cheo dukani.

Kisha kola. Kuanzia kanali kwenda juu kuna vipande vyekundu kwenye kola. Vya kanali vina uzi mwekundu uliokoza katikati, vya jenerali uzi wa dhahabu. Begani: meja taji peke yake, luteni kanali taji na nyota moja, kanali taji na nyota mbili, meja jenerali upanga na rungu vimepishana pamoja na nyota moja.

Hapa ndipo wauzaji wanapochezea. Ng'oa beji moja ya bega kwa upole, utazame kitambaa chini yake. Kaki iliyopigwa jua miaka mingi huacha kivuli: chini ya beji rangi imekoza, pembeni imepauka, na kivuli kina umbo la beji ile ile. Taji likikaa juu ya kivuli cha nyota tatu, koti lilikuwa la kapteni. Kusiwe na kivuli kabisa kwenye koti lililopauka, hiyo beji imewekwa mwaka huu.

Uzi: chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya pindo, uchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, sufu inanuka nywele, poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Kidonge kwenye mshono mkuu wa koti la 1916, rudisha. Kwenye kiraka au mahali palipotengenezwa upya, uliza kwanza.

Tochi ya mwanga wa zambarau ni nzuri, ila inasingizia. Uzi wa kisasa una dawa ya kung'arisha na unawaka buluu. Lakini koti halali likishafuliwa na sabuni ya unga nalo linawaka lote! Kwa hiyo tazama ndani ya mshono wa kwapa na chini ya bitana, ambako sabuni haikufika vizuri.

Upande wa Mjerumani, Schutztruppe (jeshi la kikoloni la Wajerumani) ya Afrika Mashariki ilikuwa na kaki ya pamba kwa kazi, na sare ya kijivu yenye kola na pindo za mikono za rangi *nyeupe*. Buluu ni Afrika Kusini Magharibi, nyekundu ni Kamerun. Wauzaji wa Ulaya wanachanganya hizi kila siku. Halisi ni chache mno na nyingi zinazozunguka zimeshonwa kwa ajili ya filamu na maonyesho. Nasema kwa uchungu wa fundi: koti la Mjerumani lisiwe lako la kwanza.

Koga_na_Kutu

Mnabishana juu ya kununua, hamsemi kitu kitakaa wapi. Chumba cha kutazama bahari, wakati wa masika! Tanga unyevu unapanda kupita asilimia 80, na hewa ina chumvi. Hebu tuweke wazi: nguo na ngozi hupenda unyevu wa 45 hadi 55, ukishuka sana ngozi ya mkanda inapasuka. Chuma na shaba hupenda chini ya 40. Kwa hiyo nishani na koti havikai sanduku moja, hata kama vilikuwa vya mtu mmoja. Na sufu yenyewe hutoa salfa inayoifanya fedha iwe nyeusi. Nishani iliyobandikwa kifuani mwa koti kwa miaka mitano inaharibika na kuliharibu koti.

Nishani: boksi la plastiki la chakula lenye mpira wa kubana, silika jeli gramu 200, na kipima unyevu kidogo ndani. Punje zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa 2 au 3, zipoe zikiwa zimefunikwa, urudishe. Mifuko ya albamu ile laini inayonuka plastiki mpya, usiitumie: ni PVC, inatoa asidi, na shaba inaota ute wa kijani. Rababendi, kitambaa cha sufu, sanduku jipya la mbao, vyote hapana.

Ukiona unga wa kijani mwepesi, wa kupangusika, unaorudi kila ukifuta, hiyo ni chumvi inakula shaba kutoka ndani, si rangi ya uzee. Tenga kitu hicho mara moja. Kiondoe utepe, kioshe kwa maji yasiyo na madini. Hapa sikiliza vizuri: dukani ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Sema ya *kuongezea*, na usome chupa. Badilisha maji kila siku kwa wiki moja hivi, kikaushe kabisa, kisha boksi kavu. Nishani yenye enameli usiiloweke.

Brasso marufuku. Kila msuguo unakula pua ya mfalme, na mnunuzi anayejua anaona.

Koti: usilikunje, usilitundike kwenye hanga ya waya. Chukua hanga pana ya mbao, izungushie pamba ya mto, uivishe marekani isiyopakwa rangi iliyofuliwa mara mbili kutoa wanga. Wanga huo ndio chakula cha wale wadudu wa rangi ya fedha wanaokimbia kwenye vitabu. Funika koti kwa marekani hiyo hiyo, si nailoni. Nailoni inafungia unyevu na koga inaota kwenye kola ndani ya wiki chache. Na ng'oa vifungo vyote vinavyoshikwa na pete za chuma kwa nyuma. Pete ikishika kutu, unabaki na tundu la kahawia ambalo halitoki.

Koti la sufu lililotoka safari linaingia friza kabla ya kukaribia kitu kingine. Mfuko mzito wa nailoni, hewa itolewe, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki 2 kamili. Ukilitoa, liache ndani ya mfuko saa 24 lizoee joto. Ukifungua mapema, umande unatanda juu ya nyuzi za dhahabu na nyuzi hizo zinageuka nyeusi.

Chumbageni76

Bi Koga, shikamoo. Umeme ukikatika katikati ya zile wiki 2?

Koga_na_Kutu

Marahaba mwanangu. Usifungue mlango wa friza. Weka kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Sarafu ikizama, barafu iliyeyuka, na hesabu ya siku inaanza upya. Mayai ya nondo ni magumu kuliko nondo.

Boma_Kongwe

Niongeze la sheria, kwa sababu linabadilisha ulinganisho mzima.

Sare za JWTZ na zinazofanana nazo si za kukusanya. Jeshi lilianzishwa 1 Septemba 1964, na Agosti 2023 liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi hayo. Mstari wako uishie KAR na Tanganyika Rifles. Hata kaki ya 1915, usiivae mtaani wala kwenye sherehe. Nishani iliyo ndani ya boksi haiulizwi maswali haya.

Kuchimba Raskazone au kando ya reli kwa mashine ya kutafuta chuma: hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni, na humo ardhini kuna risasi ambazo bado zina baruti.

Kuagiza kutoka India, ambako nishani za vikosi vilivyopigana Tanga zinapatikana: sheria yao ya 1972 inahesabu kitu cha miaka 100 kuwa cha kale na hakitoki nchini. Nyota ya 1914-15 imeshapita umri huo. Nunua iliyokwisha kuwa Uingereza, uhifadhi risiti.

Mshono_Ngamiani

Namba 3 kwa kifupi: nzuri kwa kujifunza, mbaya kwa kujisifia. Tazama taji. Mabega yaliyopanda mviringo ni la wafalme, 1902 hadi 1952. Lililobonyea katikati ni la malkia. Shida ni kwamba Mfalme Charles amerudisha la mviringo tangu 2022, kwa hiyo kifungo kipya kinaweza kuonekana cha babu. Nyuma kuwe na jina la mtengenezaji, mfano Firmin, London, na uchafu wa kweli ndani ya herufi. Beji za nyuzi za dhahabu zinashonwa mpya Sialkot, Pakistan, kila siku, na kwa ustadi.

Chumbageni76

Nimeelewa, naegemea 2. Swali la mwisho: kuna mtu anauza Msalaba wa Chuma wa 1914 "wa jenerali Mjerumani wa vita vya Tanga". Amenionyesha video, sumaku inanata. Bei yake ni ya kuuza ng'ombe.

Mizani_ya_Sonara

Jenerali Mjerumani hakuwepo Tanga. Lettow-Vorbeck, kamanda wao, alikuwa luteni kanali siku ile. Tom von Prince, Bwana Sakarani, aliuawa hapa tarehe 4 Novemba akiwa kapteni. Mwenye umeja jenerali alikuwa Aitken, aliyeshindwa.

Na Msalaba wa Chuma haukuandikwa jina. Daraja la pili lilitolewa kwa mamilioni, kwa hiyo lipia msalaba, usilipie hadithi.

Sumaku ni nusu ya kipimo. Halisi ina vipande vitatu: kiini cha chuma cheusi na fremu mbili za fedha zilizolehemewa. Kwa kioo cha sonara cha mara 10, tafuta mstari wa lehemu ukizunguka ubavuni. Ukikuta ubavu laini mtupu, ni kitu cha kumimina kwenye kalibu. Daraja la pili lina upana wa mm 42 hivi na pete ya utepe, na pete mara nyingi ina chapa ndogo au namba 800. Daraja la kwanza lina pini mgongoni na halina utepe kabisa. Aliyekutumia video ana utepe *na* pini? Mwombe picha tatu: ubavu, pete, mgongo. Asipozituma, usimtumie hata nauli ya bodaboda.