Utafiti wa uhifadhi bila malipo upigwe marufuku? Tujadili

Mleta mada
Wadau, nina wiki mbili napitia matangazo ya kazi za utafiti wa mazingira na nimechoka. Miezi 6 kambini, wanataka shahada, wanataka ujue programu za ramani na takwimu, ukishuka hadi kwenye malipo unakuta "nafasi ya kujitolea". Wengine wanataka mwombaji ajilipie nauli, bima na chakula. Yaani unalipa ili ufanye kazi! Hoja yangu: ipigwe marufuku. Mradi wenye pesa ya gari na kamera za kutegea (zinazojipiga picha mnyama akipita) ukose vipi pesa ya mtu wa kuzifunga?

Na kazi yenyewe si ya kubahatisha. Nimewahi kujitolea kwenye mradi wa ndege. Nyavu tunazifungua kabla ya jua kuchomoza, kisha tunazipitia kila baada ya muda mfupi, maana ndege akisahaulika wavuni anakufa. Unatafuta kwanza upande alioingilia, unaanza kunasua miguu, ndipo mabawa. Shingo inakaa katikati ya kidole cha shahada na cha kati, huku unamvisha pete ya utambulisho mguuni. Unapima bawa, unamtia kifukoni, mizani inasema gramu 9. Ukivuta vibaya umevunja mguu. Mikono ya namna hiyo haipatikani kwa wiki moja. Matokeo yakachapishwa, jina langu likawekwa kwenye shukrani. Si haba, ila mwenye nyumba wangu hapokei shukrani.

Na msiniletee habari za ile hesabu ya ndege wa porini ya kila Krismasi, inayofanywa na watu wa kujitolea, iliyoanza Amerika mwaka 1900 na watu 27. Ile mtu anaenda kwa raha zake, jioni anarudi kwake.

Kasa
Napinga. Naendesha shirika dogo. Wafadhili wetu wanatoa pesa za vifaa na safari kwa moyo mweupe. Ukiandika "mshahara" wanauliza kama kweli ni lazima. Marufuku yako ikipita, mimi nafunga, na huyo kijana anakosa hata ujuzi. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960 hana shahada yoyote. Alianza kwanza, mengine yakafuata.

Mleta mada
Mkuu, mfano huo umenisaidia mimi. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, ndiye aliyehangaika kumtafutia pesa za kukaa pale. Hakuambiwa ajilipie. Vijana wangapi leo wana Leakey wao? Walio na wazazi wenye uwezo wanabaki kambini, wengine wanarudi nyumbani, halafu tunasema waliobaki ndio wenye wito.

Mwani
Mnagombania mlango mmoja ilhali nyumba ina mingine. Mishahara iko penye sheria. Marekani ilipotunga sheria yake ya mazingira, ikatiwa saini tarehe 1 Januari 1970, tathmini ya athari kwa mazingira ikawa kazi ya watu, na nchi nyingi zikafuata. Kule England, tangu Februari 2024, miradi mingi ya ujenzi inatakiwa kuiacha bayoanuwai (utajiri wa mimea, wanyama na makazi yao) ikiwa imeongezeka kwa angalau asilimia 10, na nyongeza hiyo itunzwe miaka 30. Nani atapima? Mtu wa mimea, kwa malipo.

Haina picha za kupendeza, nakubali. Unapiga magoti nyuma ya ghala, una fremu ya mita moja kwa moja, unahesabu nyasi. Lakini kila mhitimu anamtaka chui. Wanaoweza kutenganisha nyasi mbili ambazo bado hazijatoa maua ni wa kutafuta kwa tochi.

Kasa
Anayekulipa si ndiye anayetaka kujenga? Utathubutu kumwandikia "usijenge hapa"?

Mwani
Umenigusa penyewe. Ripoti yangu moja ilirudishwa mara 3 "ilainishwe lugha". Mara ya nne nikaacha kazi. Hata hivyo kodi ya nyumba nilikuwa nimelipa.

Bundi
Na mshahara nao si ngome. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilipofungwa Julai 2025, miradi ya uhifadhi iliyoitegemea ilibaki hewani, mikataba na yote. Mimi nasema tuwabane wafadhili. Desemba 2022 serikali zilikubaliana Montreal kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030, na kutafuta dola bilioni 200 kwa mwaka. Pesa hizo, kadiri zinavyopatikana, ziwe na fungu la mishahara ya wanaoanza. Mfadhili asiyetaka kulipa watu asipewe takwimu walizokusanya.

Mleta mada
Bundi, hapo naunga mkono. Basi nalegeza kidogo: kujitolea kusizidi mwezi mmoja, na mtu asilipe hata senti kutoka mfukoni mwake. Kasa, hilo nalo linakushinda?

Kasa
Nimefungua bajeti sasa hivi. Nina kamera 40 za kununua. Nikiziacha 6, napata posho ya mtu mmoja msimu mzima. Ila hizo 6 ndizo za upande wa bwawa, na wanyama karibu wote wanapita pale. Nikizihamisha za mlimani kuja bwawani, mlimani nitakuwa sina kitu kabisa. Wewe uliyekaa kambini, ungetoa zipi?