Mmepiga marufuku Stealth Rock na Roost, halafu mnaita haya mashindano ya Pokémon?

Wasee, nina hasira na sitajifanya sina. Mratibu wa mashindano ya Jumamosi (ukumbi siutaji, wenye kujua wanajua, ni ule wa kupanda ngazi mpaka pumzi ikukatike, si mbali na Luthuli, hapa Nairobi) alitutumia kanuni mpya kwenye grupu la WhatsApp Ijumaa saa tano usiku. Mechi zinaanza asubuhi. Tumeshalipa kiingilio cha shilingi 300, na kiingilio hakirudishwi.

Kanuni zenyewe: Stealth Rock na Spikes (mitego ya mawe na ya miiba inayowekwa upande wa mpinzani) hapana. Recover, Roost, Soft-Boiled na pigo lolote la kujirudishia uhai hapana. Na kila timu iwe na "washambuliaji wasiopungua wanne". Sababu aliyotupa ni kwamba "tunataka mechi zichangamke."

Sawa. Kwanza, nani anapima mshambuliaji ni nani? Great Tusk, Pokémon wangu mmoja, anaweka mawe, anafagia mawe ya mpinzani kwa Rapid Spin, na akikushushia Headlong Rush unakwenda nyumbani. Huyo tumhesabu wapi? Niliuliza grupuni, nikajibiwa na emoji ya kucheka. Asubuhi nikauliza tena mezani, mratibu akaniambia "wewe tumia akili." Nimetumia akili wiki nzima kujenga timu, ndugu yangu, wewe ndiye umeifuta kwa ujumbe mmoja!

Tuseme ukweli kuhusu ilikotoka hii kanuni. Kuna rafiki yake mmoja ambaye kila mashindano huja na Charizard, na kila mashindano Charizard anakufa kwa mawe. Kwa wasiojua: Stealth Rock imekuwepo tangu Diamond na Pearl, mwaka wa 2006. Inamwaga mawe upande wa mpinzani, na kila anayeingia uwanjani anaumia kulingana na udhaifu wake kwa mawe. Wa kawaida anapoteza 1/8 ya uhai. Aliye dhaifu anapoteza robo. Charizard, ambaye ni moto na ni ndege, anapoteza nusu nzima kabla hajapumua. Akitoka na kuingia mara mbili, kwisha.

Dawa ipo tangu 2019. Inaitwa Heavy-Duty Boots. Unamvisha Charizard viatu, anapita juu ya mawe bila mkwaruzo. Lakini huyu jamaa hataki, kwa sababu anataka Charizard ashike Choice Specs, yaani miwani, ili nguvu za mapigo yake ziwe mara moja na nusu. Pokémon anashika kitu kimoja tu! Ukichagua miwani umekosa viatu. Huo ndio mchezo wenyewe, kuchagua. Na kama viatu hutaki, leta mtu wa kufagia mawe, Rapid Spin au Defog, wako wengi. Yeye anataka miwani, anataka asikanyage mawe, anataka nafasi zote sita ziwe za kupiga, na asipopata anakwenda kulia kwa mratibu. Na mratibu anabadilisha kanuni za watu wote usiku.

Sasa tazameni kilichotokea. Mawe yakiondoka, anayefaidika siye Charizard. Ni Dragonite. Dragonite ana kipawa cha Multiscale, uhai wake ukiwa umejaa anapokea nusu tu ya maumivu. Mawe yanamkata robo anapoingia, Multiscale inavunjika, unaweza kumfikia. Ndiyo maana kwa kawaida naye huvaa viatu. Mratibu akamwondolea mawe, kwa hiyo viatu havihitaji tena, kwa hiyo anashika kitu kingine cha kumwongezea nguvu. Anaingia mzima, anacheza Dragon Dance (inampandisha nguvu na kasi) mbele yako bila wasiwasi, halafu Extreme Speed inayotangulia karibu kila pigo kwenye mchezo. Jumamosi karibu kila meza ilikuwa na Dragonite. Charizard alitolewa mapema vilevile, na aliyemtoa ni Dragonite!

Kwenye kujirudishia uhai ndiko mratibu alikojianika kwamba hajui anachokikataza. Roost ya Corviknight imekatazwa kwa sababu "inachelewesha". Lakini Slowking wa Galar ana Regenerator, ambayo ni kipawa, si pigo, kwa hiyo haimo kwenye kanuni. Kila ukimtoa uwanjani anajirudishia theluthi ya uhai wake, bila kutumia zamu yake kupumzika. Yaani anayelipa zamu nzima ili apumzike amekatazwa, na anayepumzika bure ameruhusiwa. Nilimweleza. Akasema ataongeza kwenye orodha baada ya raundi ya kwanza. Baada ya raundi ya kwanza! Timu zimeshasajiliwa!

Tena waliotengeneza mchezo wameshalishughulikia hili. Hadi Sword na Shield, Recover na Roost ulianza na ruhusa ya kuzitumia mara 10, ukizikuza zinafika 16. Tangu Scarlet na Violet za 2022 ni mara 5, mwisho 8. Toxic nayo, pigo la sumu, ambayo zamani karibu kila mtu alifundishwa, siku hizi ni ya wachache. Timu za ukuta zimeshapunguzwa makali na wenyewe. Hatukuhitaji mtu wa tatu.

Na hapa ndipo naombeni mnisikilize, kwa sababu kuna watu humu wamechanganya vitu viwili. Timu ya ukuta mtupu ni ile inayokaa, inakusumbua, inakungoja uchoke. Mimi sichezi hiyo. Timu ya mizani ni kitu kingine. Ina wa kupiga, ina wa kupokea, na kila mmoja amewekwa pale kwa sababu ya udhaifu wa mwenzake. Chukueni yangu. Kingambit ni wa aina za giza na chuma, anapigana vizuri mwishoni kwa sababu kila mwenzake akianguka nguvu zake zinapanda asilimia 10. Lakini pigo la aina ya mapigano linamuumiza mara nne. Kwa hiyo Slowking wa Galar yupo, sumu na akili, mapigano kwake ni robo tu. Slowking anaogopa ardhi. Kwa hiyo Corviknight yupo, anaruka, ardhi haimgusi kabisa. Corviknight anaogopa umeme na moto. Umeme haumfanyi kitu Great Tusk, na moto Dragonite anaupokea nusu. Dragonite naye barafu inamuumiza mara nne, na barafu inamrudisha Kingambit, kwa sababu chuma inaistahimili. Wa sita ni Dragapult wa kasi, kwa sababu hao wengine hakuna wa kukimbizana.

Ukiangalia vizuri ni duara. Ukichomoa Roost, Corviknight anapokea mara mbili tatu na amekwisha, na akiisha Slowking hana wa kumkinga na ardhi, na Slowking akianguka Kingambit hana wa kumkinga na mapigano. Hamkuniondolea pigo moja, mmeniondolea timu. Wale wa washambuliaji sita hamkuwaondolea chochote. Hiyo ndiyo mnaita usawa?

Na kazi iliyomo ndani yake hamuioni. Pokémon mmoja anagawiwa EV (pointi za mazoezi) 510 jumla, mwisho 252 kwa kila upande. Wengi wenu mnabonyeza 252 kwenye kasi, 252 kwenye nguvu, 4 popote, mmemaliza. Great Tusk wangu ana 232 kwenye kasi. Kwa nini 232? Gholdengo aliyekuzwa kasi yote, kiwango cha 100, anafika 293. Great Tusk wa Jolly (tabia inayoongeza kasi) akipewa 232 anafika 294. Anamtangulia kwa moja, na moja inatosha. Zile 20 nilizookoa nikaziweka kwenye uhai, pointi 5. Pointi 5 ni kidogo, najua. Kuna mechi zinaamuliwa na pointi 2. Nimekaa na kikokotoo kwenye simu ndani ya matatu ya Kayole nikihesabu haya mambo, Jogoo Road imefunga kama kawaida, ndio muda wangu wa kufikiri, halafu mtu anakuja kunieleza kwamba mchezo wangu ni "uoga".

Ndiyo, neno hilo lilitumika. "Mwanaume hajifichi nyuma ya ukuta." Watu wakacheka. Hata Gor Mahia huwa na kipa.

Mnaopenda historia, mwaka wa 2014 fainali za dunia zilikuwa Washington. Sejun Park wa Korea Kusini alizishinda akiwa na Pachirisu kwenye timu. Kindi! Jumla ya nguvu zake za msingi ni 405, huyo ni mnyama ambaye mngemtupa nje ya timu bila kumtazama mara mbili. Mechi zile ni za wawili wawili uwanjani, na kazi yake ilikuwa kusema Follow Me, mapigo yanayolenga mmoja yaje kwake, ili Gyarados wa pembeni apate nafasi ya kufanya kazi. Alikuwa wa kupokea. Kwa kanuni za Jumamosi, huyo bingwa wa dunia angehojiwa mezani kwamba kindi wake ni mshambuliaji au la. Na ukumbi ule mzima ulimshangilia kindi, si majoka. Nani anasema kupokea hakuchangamshi?

Fainali yetu sasa, iliyochangamka. Dragapult kwa Dragapult. Wote wamejaza kasi, wote sawa kabisa. Kasi zikilingana mchezo unarusha sarafu. Sarafu ikaanguka kwa mmoja, mwenzake akafa, mechi ikaisha. Mratibu akapiga kelele kwenye maiki kama ameona maajabu. Umelipisha watu mia tatu tatu waje watazame sarafu!

Najua hoja ya muda, na hiyo nitaiheshimu kidogo. Mwezi uliopita kulikuwa na mechi ya ukuta kwa ukuta iliyochelewesha kila mtu, mvua ikaanza, nauli ikapanda mara mbili, watu wakakasirika. Sawa. Lakini Showdown, tovuti tunayochezea mechi, ina saa ndani yake. Mtu mmoja anabonyeza, saa inaanza, ukichelewa kuchagua unapoteza. Mngeilazimisha saa kila mechi, tatizo lingeisha bila kugusa timu ya mtu yeyote. Badala yake mratibu amegundua kwamba Showdown inamruhusu kuandika kanuni za ziada kwenye mwaliko wa mechi, na sasa anaziandika kama mtoto aliyepata chaki.

Smogon, jamii ya wachezaji mtandaoni ambao ndio tunachukua kanuni zao za OU (kundi la Pokémon wanaotumika sana), huwa wanakataza vitu pia. Lakini kwa kawaida kitu kinajaribiwa kwanza, wachezaji waliofikisha kiwango wanapiga kura, na wengi wa kutosha, asilimia 60, lazima wakubali kabla hakijaondolewa. Sisi tumepigiwa kura na rafiki wa Charizard.

NYONGEZA: Anayesema nimekasirika kwa sababu nilitolewa raundi ya pili, ndiyo, nilitolewa raundi ya pili, na aliyenitoa mwenyewe alikuja baadaye kuniambia kanuni hazina maana. Muulizeni, yumo humu.

NYONGEZA 2: "Si ucheze mtandaoni." Nacheza mtandaoni kila siku, Showdown ni bure na inafunguka hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Naenda mjini kwa sababu nataka kukaa mezani na mtu, nione uso wake nikimtabiria anachobadilisha. Hilo halipo kwenye bando.

NYONGEZA 3: Kuna aliyependekeza tuje wote na Dragonite sita ili mratibu ajifunze. Haiwezekani, kuna kanuni ya kutorudia Pokémon mmoja kwenye timu. Hiyo bado hajaifuta. Msimpe wazo.

Mratibu, najua unasoma, umeonekana mtandaoni tangu nianze kuandika. Nataka mambo matatu kabla ya Jumatano. Stealth Rock na mapigo ya kujirudishia uhai yarudi, saa ya Showdown iwe lazima, na kanuni ikibadilika itangazwe kabla watu hawajatoa pesa. Ukikataa, rudisha 300 za wote tuliojenga timu kwa kanuni za zamani. Na usinijibu inbox. Jibu hapa.